Adamastor Mlangoni mwa Ruvuma

Tunapofundishwa majazi, mifano huwa ya watu: huyu anaitwa Majuto kwa kuwa atajuta, yule anaitwa Rehema ilhali hana huruma hata kidogo. Katika makala haya nataka kuongeza mhusika wa chuma. Ni manowari ndogo ya Kireno, iliyoitwa Adamastor, ambayo mwezi Mei 1916 ilifika kwenye mlango wa mto Ruvuma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, ikapiga mizinga kwenye mikoko. Wanaoandika historia ya manowari huipa mistari michache, nayo karibu yote ni tarakimu. Mimi naona jina lake lina mengi ya kusema kuliko mizinga yake, na kwamba waliolichagua hawakulisoma vizuri shairi lao wenyewe.

Tuanze na chuma. Mwaka 1890 Uingereza iliipa Ureno amri ya mwisho iondoe majeshi yake katika nchi za kati, zile zilizo baina ya Angola na Msumbiji. Serikali ya Lisbon ikatii. Wananchi waliona fedheha, wakachanga fedha zao ili nchi inunue manowari. Adamastor ilitokana na mchango huo. Ilijengwa Livorno, Italia, ikashushwa majini mwaka 1896. Ilikuwa na tani zisizofika 2,000, mizinga 2 mikubwa ya milimita 150, na mingine 4 ya milimita 105. Miaka kumi baadaye Waingereza walishusha Dreadnought, yenye tani zipatazo 18,000 na mizinga 10 ya milimita 305, na kila manowari iliyotangulia ikazeeka siku hiyohiyo. Adamastor haikuwamo hata katika mashindano hayo. Ushindi wake mkubwa ulikuwa nyumbani: Oktoba 1910 ilishiriki kuipiga mizinga ikulu ya mfalme mjini Lisbon, mfalme akakimbia, jamhuri ikatangazwa. Nakiri kwamba hapo mizinga ilifanya kazi yake.

Jina lilitoka kwa Luís de Camões, katika utenzi wake *Os Lusíadas* uliochapwa mwaka 1572. Katika wimbo wa tano, meli za Vasco da Gama zinapokaribia ncha ya kusini ya Afrika, wingu jeusi linatanda na ndani yake linatokea jitu la kutisha. Hilo ndilo Adamastor. Linawakemea Wareno kwa kuingia katika bahari ambayo haikuwa yao, na linawatabiria meli kuvunjika na watu kufa. Kwa hiyo ndani ya shairi Adamastor si nguvu ya Ureno, bali ni nguvu inayoizuia Ureno. Kuliweka jina hilo ubavuni mwa manowari ya Kireno ni sawa na mwenye nyumba kumwita mbwa wake kwa jina la mwizi.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo katika usomaji wetu wa darasani tulilipita haraka. Miongoni mwa wale ambao jitu linawatabiria kifo ni Francisco de Almeida, gavana mkuu wa kwanza wa Ureno upande wa India, ambaye mwaka 1505 aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Camões anaipa Kilwa na Mombasa, zikiwa magofu, nafasi ya kusimama pamoja na jitu katika kumtishia mtu huyo. Kwa hakika Almeida aliuawa mwaka 1510 karibu na Rasi, na Wakhoikhoi. Kwa maneno mengine, jitu hili ni mlipiza kisasi wa miji ya Waswahili. Waandishi wa Afrika Kusini wamelitumia sana kama sura ya Rasi yao. Sisi wa pwani hii tumeliacha liende, ingawa shairi lenyewe linalitaja pamoja nasi.

Mwenzangu mmoja alinipinga katika semina. Alisema mwenye meli hutaka jina la kutisha tu, hafanyi uhakiki. Hata Waingereza waliita manowari yao Goliath, na kila aliyesoma Biblia anajua Goliathi aliishia wapi. Hoja yake ni nzuri kuliko alivyokusudia. Goliath ilikuwa na mizinga 4 ya milimita 305, na mapema mwaka 1915 ililetwa katika delta ya Rufiji kuimaliza Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imejificha humo baada ya kuizamisha Pegasus hapo Unguja mwezi Septemba 1914. Haikuweza. Sehemu yake inayozama majini ilikuwa zaidi ya mita 7, na maji ya pwani ile hayakuiruhusu kusogea hadi mizinga yake ifike. Ikaondoka, na tarehe 13 Mei 1915 ikazamishwa Dardanelles na meli ndogo ya Kituruki yenye torpedo. Kazi ya Rufiji ilimalizwa Julai 11 na Severn na Mersey, meli bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zikiwa na mizinga ya milimita 152 tu, na ndege juu ikiwaelekeza wapigaji mahali makombora yalipoanguka. Jina limeshindwa tena, na safari hii pamoja na tarakimu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na majedwali ya wapenzi wa manowari. Jedwali huonyesha tani, milimita za mtutu, unene wa bamba la chuma na mwendo. Ni aina ya utanzu, una kanuni zake, na msomaji akiuzoea huamini kwamba aliye juu katika safu atamshinda aliye chini. Tatizo ni kwamba jedwali hudhani bahari ni moja kila mahali, yenye kina, isiyo na kitu, na adui anaonekana. Kati ya Rufiji na Rasi Delgado hakuna bahari ya namna hiyo karibu na nchi. Kuna matumbawe, mafungu ya mchanga yanayohama kila masika, na mikoko inayofanana mti kwa mti.

Tarehe 27 Mei 1916 Wareno walijaribu kuvuka mlango wa Ruvuma. Mwezi uliotangulia walikuwa wameichukua Kionga, kipande cha pwani ambacho Wajerumani walikikalia tangu mwaka 1894. Adamastor na meli ndogo iitwayo Chaimite zilipiga ukingo wa kaskazini, kisha mashua zilizojaa askari zikaelekea ng'ambo. Upande wa pili palionekana kimya. Mashua zilipokaribia, bombomu zilizokuwa zimefichwa mikokoni zikaanza kufyatuliwa. Watu waliuawa, wengine walitekwa, waliobaki wakarudi. Mizinga ya milimita 150 haikuwa na cha kulenga. Ilikuwa imepiga miti. Ureno ilivuka mto mwezi Septemba kwa askari wa nchi kavu, ikaiteka Newala Oktoba na kuipoteza mwishoni mwa Novemba.

Ni rahisi sana kufika hapa na kuandika kwamba jitu lilirudi upande wake, kwamba nchi ilijitetea yenyewe kupitia mikoko. Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivyo, na ilisikika vizuri. Nimeifuta. Ukingo wa kaskazini siku ile haukuwa wa wenyeji. Ulikuwa wa Wajerumani na askari wao, miaka isiyozidi kumi baada ya Maji Maji. Na upande wa kusini, vita hivyo viliwamaliza watu kwa njia ambayo haimo katika shairi wala katika jedwali: wapagazi waliokamatwa kwa nguvu, na malaria na kuhara katika kambi za Palma na Mocímboa da Praia, ambako maradhi yaliua wanajeshi wengi kuliko risasi. Kumpa mkoko ushujaa ni kuwasahau hao.

Tena mizinga ya meli haikukosa shabaha kila mara katika pwani hii. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulitambua kwamba pwani ya Sultani wa Zanzibar inaanzia mlango wa mto Minangani, katika ghuba ya Tungi, mahali ilipo Palma leo. Ureno haikukubali. Februari 1887 meli zake ziliipiga mizinga Tungi na Minangani na kuzitwaa, na Sayyid Barghash hakupata wa kumsaidia. Pale hapakuhitajika mtutu mkubwa wala ndege ya kuelekeza. Mji uko ufukweni, nyumba zinaonekana, na hazihami. Miaka 29 kabla ya Adamastor kupiga miti, meli ndogo zisizo na jina katika majedwali zilibadilisha mpaka. Mhakiki wa manowari angeanza hapo badala ya Dreadnought, kama angekuwa anaandika kutoka Palma.

Nirudi kwenye shairi kwa jambo moja la mwisho, la msimulizi na msikilizaji. Hadithi ya Adamastor haisimuliwi na Camões moja kwa moja. Ni Gama anayeisimulia, na anayemsikiliza ni mfalme wa Malindi, mwaka 1498, miaka 7 kabla ya Almeida kufika. Mfalme anaambiwa, kwa kinywa cha mgeni wake, kwamba Kilwa na Mombasa zitakuja kuwa magofu. Mombasa ni hasimu wake. Huenda alifurahi, huenda alihesabu umbali kutoka huko hadi kwake. Shairi halimpi nafasi ya kuuliza. Wimbo wa sita unapofunguliwa, mfalme huyo, ambaye Camões anamwita mpagani ingawa alikuwa Mwislamu, anahangaika jinsi ya kuwakirimu mabaharia kwa karamu inayowastahili.