Jinsi Ukraine Ilivyouwahi Uongo

Tarehe 16 Machi 2022, wiki tatu baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, wadukuzi waliingilia kituo cha televisheni cha Ukraine 24. Kwenye utepe wa maandishi unaopita chini ya kioo kikatokea kisichotarajiwa: Rais Volodymyr Zelensky anawataka askari waweke silaha chini. Tovuti ya kituo nayo ikapandishiwa video ya “Zelensky” akiyatamka hayo. Shabaha ilichaguliwa kwa akili. Akaunti isiyo na jina ingepuuzwa na wengi. Chombo cha habari kinachofahamika kinaukopesha uongo heshima yake.

Video yenyewe ilikuwa kazi ya kulipua. Kichwa hakikulingana na kiwiliwili, mwili umeganda, sauti nzito kuliko ya rais. Wachambuzi wengi waliishia hapo, nami naona wameshika mkia wakamwacha ng'ombe. Kasoro hizo hurekebishika, na anayetegemea kukagua shingo na kope atanaswa na video ijayo.

Kilichoimaliza kilitangulia. Machi 2, Kituo cha Mawasiliano ya Kimkakati cha Ukraine kilikuwa kimeshatahadharisha hadharani: inaandaliwa video bandia ya Zelensky akisalimu amri. Watu wakaujua mchezo kabla haujachezwa. Isitoshe, tangu Februari 25, aliposimama usiku barabarani Kyiv na wasaidizi wake kukanusha uvumi kwamba ametoroka, rais alikuwa hakauki kwenye simu za wananchi. Walishaizoea sauti yake, uchovu wake, hata namna anavyotupa mikono. Yule mtu aliyekakamaa nyuma ya mimbari kwenye video ya wadukuzi alikuwa mgeni kwao. Siku hiyohiyo Zelensky akajirekodi kwa muda mfupi tu, akaiita video ile uchokozi wa kitoto. Meta ikaiondoa kwenye majukwaa yake, ingawa iliendelea kuzunguka kwingineko.

Tahadhari ya mapema kama ile ya Machi 2 ina gharama, na wanaoisifu huisahau. Watafiti wa University College Cork, nchini Ireland, walichambua mijadala ya Twitter kuhusu video bandia za vita hivyo, wakakuta watu wanazikataa hata picha za kweli kwa kudai zimetengenezwa. Ila onyo la Machi 2 lilitaja mtu mmoja na kauli moja tu. Tangazo la jumla la “msiamini video” lingempa nafasi kila anayetaka kuukana ushahidi uliorekodiwa dhidi yake.