Jina Lililopotea: Kumbukumbu katika Tawasifu ya Emma Mashinini

Anwani ya kitabu cha Emma Mashinini, *Strikes Have Followed Me All My Life*, kilichochapwa London mwaka 1989, inaifanya migomo kuwa mtenda na mwanamke kuwa mtendwa. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua. Akisema migomo "imenifuata", maana inapooza. Akisema "imeniandama", analeta mkosi, lakini papo hapo anagusa mzizi wa "maandamano". Chaguo la pili ndilo bora, ijapokuwa nalo linamficha mtenda halisi. Maana mwaka 1975 ni Mashinini mwenyewe aliyekiacha kiwanda cha nguo cha Henochsberg, Johannesburg, alikokuwa msimamizi na pia mwakilishi wa wafanyakazi wenzake, akaenda kukijenga chama cha wafanyakazi wa madukani, CCAWUSA, kwa kuwaandikisha wanachama mmoja mmoja.

Hata hivyo, uzito wa kitabu haumo katika migomo. Novemba 1981 utawala wa makaburu ulimkamata kwa sheria ya ugaidi, ukamweka kizuizini miezi sita, sehemu kubwa akiwa peke yake. Humo, asimulia, sura ya binti yake ilimjia akilini, jina lisije. Tawasifu ni utanzu unaosimama juu ya kumbukumbu, na hapa msimulizi anakiri kuwa nguzo hiyo iliwahi kuvunjwa. Tena aliyevunjiwa ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watu. Aliyezoea kuwaita wengine wajiunge hakuweza kumwita mwanawe.

Shaaban Robert, katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, alimweka Siti mbele ya wasomaji kuwa kielelezo. Mashinini hajifanyi kielelezo. Anaandika udhaifu wake kwa lugha kavu, karibu ya kumbukumbu za mkutano, na ukavu huo ndio unaouma. (Lau angeupamba kwa tashbihi, pengine msomaji angemhurumia tu.)

Anayetafuta historia ya chama huenda akaona sehemu hii iko kando ya habari. Sivyo. Chama hukaa katika vichwa vya viongozi wake kabla ya kukaa katika daftari, na upweke wa kizuizini ulilenga huko. Alipoachiliwa mwaka 1982 alikwenda Denmark kutibiwa. Kitabu kiliandikwa baada ya hapo.