Husuni Isiyo Ngome

Sisi tukaao Temeke hukanyaga Barabara ya Kilwa kila siku, lakini wachache wetu tumeifuata hata huko inakotajwa. Zamani kisingizio kilikuwa kivuko cha Ndundu. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, Rufiji si kikwazo tena. Nilikwenda na mwalimu mwenzangu mstaafu, tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani.

Hoja yangu ni juu ya Husuni Kubwa, nami naanza na jina. Husuni ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake ngome. Kwa hiyo mwenzangu alizunguka akitafuta matundu ya mizinga, nikamwacha atafute. Hayapo. Lile lilikuwa jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya genge mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina nyua, ghala, birika la pembe nane, na ngazi za kushukia baharini. Mwenye hofu hajengi ngazi ya kumpokea ajaye kwa bahari. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, na Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimsifu Sultani huyo kwa ukarimu wake.

Ngome ya kweli ni Gereza, kule ufukweni. Wareno walijenga hapo mwaka 1505 wakaondoka mwaka 1512. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Waomani wa baadaye. Watalii hupenda kupigia picha hapo. Mimi halikuniambia kitu: kuta nene, mlango mzito, basi.

Hata hivyo sitalisifu jumba kupita kiasi. Vyumba vyake vingi ni vyembamba, kwa kuwa dari ililala juu ya boriti, na boriti ina urefu wake. Sultani na dhahabu yake yote alipimiwa chumba na mti! Tena jumba lilikaliwa muda mfupi tu, na yaelekea halikumalizwa kamwe.

Sasa tazama Msikiti Mkuu, uliokuwa katikati ya mji. Ulianzwa karne ya 11. Sultani yuleyule aliupanua, upanuzi ukaanguka, na katika karne ya 15 ukajengwa upya. Jumba liliachwa, msikiti ukarekebishwa. Kwangu mimi huo ndio uhakiki wa kwanza wa Husuni Kubwa, na walioutoa ni watu wa Kilwa wenyewe.

Ndiyo maana sikuridhishwa na maelezo tuliyopewa njiani, yaliyojaa masultani mtupu. Aliyechonga matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyekata boriti, hakutajwa hata mara moja, ilhali pembeni yetu wanakijiji walikuwa wakilima na kuvua. UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Bahari haijaacha kula ufuko, na mikoko ipandwayo kuizuia ni mti uleule uliotoa boriti.