Kitabu cha Kusoma na Kitabu cha Kutenda

Kuna namna ya vitabu visivyokaa siku nyingi katika kabati. Kikirudishwa leo, kesho kimeazimwa tena. Ni vitabu vya kumfundisha mtu kujiongoza mwenyewe: kushinda woga, kupata marafiki, kutunza saa na feza zake. Mafratri wanavisoma wakati wa mapumziko, makatekista wanaviazima, na mapadri wengine wanatoa humo mifano ya mahubiri. Hatuandiki kusudi tuvikataze. Tunauliza neno moja tu: kiisha kusoma, ni nini kinachofuata? Maana tunawaona watu waliomaliza vitano au sita, wanaovisifu sana, na mwenendo wao ni ule ule wa zamani.

Tuchungue kimoja kinachojulikana kuliko vingine, kile kinachoitwa kwa Kifaransa Comment se faire des amis. Mwandishi wake, Dale Carnegie, alizaliwa Marekani, katika Missouri, mwaka wa 1888. Tangu mwaka wa 1912 alifundisha watu wazima wa New York kusema mbele ya wengine, na kutokana na masomo hayo alitoa kitabu chake mwaka wa 1936. Mafundisho yake si magumu: usilaumu ovyo; sifu kwa moyo wa kweli; pokea watu kwa uso wa furaha; shika jina la mwenzako; mwache aseme, nawe usikilize.

Lakini mbele ya mafundisho hayo, mwandishi ameweka kurasa chache ambazo wasomaji wengi wanaziruka. Humo anatoa mashauri tisa juu ya namna ya kukitumia kitabu. Anasema: soma kila sura mara mbili, simama na kujiuliza ni wapi na lini utatenda neno hili, piga mstari chini ya maneno makubwa, rudi kukisoma kila mwezi, mpe rafiki yako feza kidogo kila mara anapokukamata umevunja kanuni, kila juma fanya hesabu ya makosa yako, andika katika kaye yale uliyoyatenda, pamoja na tarehe. Kwa maoni yetu, hizo ndizo kurasa bora za kitabu chote. Mwandishi alijua jambo tusilopenda kulijua, kwamba kusoma si kutenda. Anayeziruka amejinyima kitabu chenyewe.

Sisi wana wa Kanisa tusishangae sana. Mazoezi ya Roho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola yalikubaliwa na Papa Paulo III mwaka wa 1548. Anayeyasoma kama hadisi anayaona makavu, kwa sababu hayakuandikwa kwa kusomwa tu. Katika Mazoezi hayo Inyasi anafundisha kuchungua zamiri juu ya kosa moja. Asubuhi mtu anakusudia kujilinda na kosa hilo. Kiisha chakula cha mchana anahesabu mara ngapi ameanguka, na jioni anahesabu tena. Anatia alama juu ya mistari, kisha analinganisha siku na siku, juma na juma. Tena, kila mara anapoanguka anaweka mkono kifuani, jambo ambalo anaweza kulifanya hata katikati ya watu bila wao kutambua.

Tulinganishe basi. Carnegie, katika chapa iliyosahihishwa ya mwaka wa 1981, anatoa kanuni 30. Inyasi anataka kosa moja kwa wakati mmoja. Carnegie hakusema zote zishikwe siku moja, lakini msomaji mwenye moyo wa moto ndivyo anavyofanya. Jumatatu anajaribu zote, Alhamisi hakumbuki hata moja, halafu anatafuta kitabu kingine. Nani analima mashamba 30 asubuhi moja?

Pili, somo lililotoka mbali lazima lipimwe kwa mambo ya kwetu. Chukueni kanuni ya jina. Kwa Wanande jina linaonyesha mtoto amezaliwa wa ngapi: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Siku ya Mungu, kiisha Misa, iteni « Kambale! » mbele ya mlango wa kanisa, mtaona vichwa vingapi vinageuka. Basi, katekista anayetaka kuishika kanuni hii hawezi kutosheka na jina hilo. Ajue jina la ubatizo, ajue ni mtoto wa nani, anatoka kilima gani au kartie gani, na nani anaugua nyumbani mwake. Kazi inakuwa kubwa zaidi, lakini ndiyo kanuni yenyewe. Anayefuata maneno ya kitabu bila kutafuta sababu yake anamwiga Mwamerika tu.

Chukueni tena kanuni ya kusikiliza. Hiyo watu wa Beni na Butembo walijifunza bei yake. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3.470, na waliokufa 2.287. Waganga walileta dawa na chanjo, nazo zilikuwa njema. Lakini watu wa Beni, ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakizika ndugu zao waliouawa kwa mapanga, waliuliza: mbona wakati ule hamkuja wengi hivi? Ulizo hilo halikupata masikio mapema. Mwezi wa Februari 2019, nyumba za kutunzia wagonjwa za Katwa na Butembo zilishambuliwa. Hatusemi kwamba kutosikiliza ndiyo sababu peke yake. Palikuwa na watu wenye silaha, palikuwa na uchungu wa uchaguzi ulioahirishwa. Na hakuna ulizo linalompa mtu ruhusa ya kumwaga damu. Lakini somo la kusikiliza, lililo jepesi katika kitabu, hapa lilipimwa kwa maisha ya watu. Na somo la kunawa mikono lilishikwa kwa sababu ndoo ya maji ilisimama mlangoni, kanisani, sokoni, shuleni. Lilipata mahali pake na saa yake.

Mwisho, tuseme mahali ambapo kitabu kinapunguka. Carnegie anadai moyo wa kweli, tusimsingizie. Lakini faida anayoionyesha mara nyingi ni ile inayomrudia mwenye kutenda. Wema ukiwa ndoano, rafiki amekuwa samaki. Tena anashauri tusimwambie mtu kamwe kwamba amekosa. Katika mabishano ya bure, shauri hilo ni zuri. Lakini mchungaji hawezi kulishika siku zote. Mkumbukeni Monsinyori Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, kisha askofu mkuu wa Bukavu. Katika barua yake ya Noeli 1999 alikemea wazi utawala wa wageni na unyang'anyi wa mali ya watu. Mwezi wa Februari 2000, wakuu wa RCD walioshika Bukavu wakamfukuza, akakaa Butembo mpaka Septemba. Alikufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Barua ile haikumpatia marafiki kwa wakubwa.

Basi, kitabu hiki kisomwe, lakini kianzwe kwa kurasa zile zinazorukwa, na shabaha yake ichukuliwe katika Evanjili. Ndugu fratri, ndugu katekista, chagua kanuni moja, ile inayokushinda. Nunua kaye ndogo. Mwezi mzima, mchana na jioni, tia alama zako. Mwezi ukiisha, usituambie umesoma nini. Mwulize jirani yako kama ameona mabadiliko.