Williamsburg: Kumbukumbu ya Nani?

Mgeni azuruye Williamsburg, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, hupokewa na watu waliovaa mavazi ya karne ya 18. Mhunzi hufua chuma, sonara hugonga fedha, na farasi hukokota magari njiani. Mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia tangu mwaka 1699 hadi 1780. Kazi ya kuufufua ilianza mwaka 1926, kwa fedha za John D. Rockefeller, mwana wa tajiri mkuu wa mafuta.

Ufundi huo twausifu, maana historia ionekanayo kwa macho huingia moyoni upesi. Lakini hatuna budi kuuliza: yaonyeshwayo ni maisha ya nani? Zaidi ya nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa watu Weusi, karibu wote watumwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi yalisifiwa majumba ya mabwana, na waliopika na kufua humo wakatajwa kwa nadra. Mwaka 1979 ndipo ulipoanzishwa mpango wa waigizaji Weusi kusimulia maisha ya watumwa. Mnada wa watumwa ulipoigizwa hadharani mwaka 1994, baadhi ya Wamarekani Weusi walipinga, wakihofu kwamba uchungu wa wazee wao ungegeuzwa mchezo.

Hofu hiyo twaiheshimu. Lakini kwa maoni yetu, kimya kilichoutangulia mnada ule kiliumiza zaidi. Jumba lililopakwa chokaa vizuri, pasipo kutajwa mikono iliyolitumikia, ni pambo tu, si historia. Mwalimu awapelekapo wanafunzi kwenye makumbusho yoyote, na awafunze kuuliza ni nani asiyeonekana.