Nyekundu Kushoto, Lakini Kushoto kwa Nani?

Tunduma haina bahari. Ina foleni ya malori, ina reli ya TAZARA, ina kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde. Lakini shehena nyingi inayopita hapa ilianzia kati ya maboya: meli iliingia lango la bandari ya Dar es Salaam, boya jekundu likiwa kushoto kwake na la kijani kulia, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwenye foleni hii. Maboya hayo nayasoma kama ninavyosoma shairi, kwa rangi, umbo na mapigo yake, na sijaona kazi nyingi za fani zilizosukwa kwa uangalifu kama huu.

Mtaani neno boya limegeuzwa tusi. Boya ni mtu asiye na akili, aeleaye tu. Tusi hilo linalionea boya. Lenyewe limefungwa kwa mnyororo hadi kwenye uzito uliolala chini. Kinachoelea huku na huko ni chombo.

Tuanze na kauli yake ya msingi: nyekundu kushoto. Kushoto kwa nani? Kwa anayeingia kutoka baharini. Anayetoka analiona jekundu kulia kwake, na hakuna kilichokosewa. Rangi peke yake haijasema kitu mpaka msomaji ajue anaelekea wapi, na yuko sehemu gani ya dunia. Kulikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya kabla ya mkutano wa IALA, shirika la kimataifa la alama za baharini, uliofanyika Tokyo mwaka 1980 na kuileta chini ya kanuni moja. Hata hapo upande wa rangi haukupatana. Afrika, Ulaya, Australia na sehemu kubwa ya Asia zilibaki na nyekundu kushoto. Amerika zote, Japani, Korea na Ufilipino zikabaki nayo kulia. Dereva wa Tunduma anayepeleka mzigo Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Tanzania na Zambia anashika kushoto, akivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo anahamia kulia. Ila Kasumbalesa ina kizuizi na askari wa kumzindua. Nahodha anayevuka bahari kuu hana wa kumzindua.

Fani inayotawala maboya haya ni takriri. La kushoto, mbali ya kuwa jekundu, lina umbo la pipa, na usiku taa yake ni nyekundu. La kulia ni la kijani, lina umbo la koni kama zile za barabarani, na taa yake ni ya kijani. Jambo moja limesemwa mara tatu. Mhariri mwenye wembe angekata mawili, naye angeua watu. Jua likiwa nyuma ya boya, rangi yoyote huonekana nyeusi. Ndipo umbo linaposhika zamu. Kuna manahodha wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, nao pipa wanaliona.

Sasa nililete boya mkoani Songwe. Ziwa Rukwa, ambalo sehemu yake ya kusini iko huku, halina mto unaotoka. Maji yake hupanda na kushuka, na ufuko huhama nayo. Anayetoka ufuko mmoja kwa mtumbwi kwenda ng'ambo, je, anaingia au anatoka? Hapo nyekundu kushoto inapwaya, kwa sababu imejengwa juu ya safari yenye bahari nyuma yake. Mto Songwe unaotenga Tanzania na Malawi una afadhali, maana una juu na chini. Shida yake ni kwamba huhama mkondo, na boya lisilohamishwa nao hugeuka shahidi wa uongo.

Kwa Rukwa ningechagua maboya ya dira. Haya ni ya nyeusi na njano, na kichwani yana koni mbili nyeusi. Ncha zote juu ni kaskazini, zote chini ni kusini. Vitako vikigusana ni mashariki. Ncha zikigusana, kama kinu chenye kiuno, ni magharibi. Ncha huelekea pale ilipo rangi nyeusi kwenye mwili wa boya, takriri ileile tena. La kaskazini husema: pita kaskazini yangu. Halikuulizi umetoka wapi. Kwa ziwa lisilo na mlango, hiyo ndiyo lugha.

Usiku maboya haya husema kwa mizani. Kaskazini humweka mfululizo. Mashariki mimweko 3, magharibi 9, kusini 6 na mmoja mrefu wa kufungia mstari, ili anayehesabu akirushwa na mawimbi asichanganye sita na tatu au tisa. Hesabu hiyo hukumbukwa kwa uso wa saa: 3 iko mashariki, 6 kusini, 9 magharibi. Ni werevu, mpaka utamkwe kwa Kiswahili. Saa tatu yetu mshale mfupi uko kwenye 9. Saa tisa uko kwenye 3. Saa sita uko juu kabisa, kaskazini. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mimweko mitatu ni saa tatu akiiona, atauwaza mshale wa saa hiyo ulipo, kisha atapita magharibi ya boya, pale hasa penye mwamba.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kila anayefundisha manahodha wetu, wa meli na wa mtumbwi: sema "namba tatu kwenye uso wa saa". Usiseme "saa tatu".