Hesabu Zinazosahihishwa na Mashine

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri wengi nchini Kenya walikimbilia video. Mhadhiri aliongea kwa saa mbili, na mwanafunzi aliyekwama Mbita au Ndhiwa angeweza kuishiwa bando kabla hata somo halijakolea. Mfano ninaouona wa maana zaidi hauna picha wala sauti. Uko Maseno, chuo kikuu kilichokilea Chuo Kikuu cha Tom Mboya hapa Homa Bay kuanzia 2016 hadi kikapewa hati yake. Huko, tangu 2019, wanafunzi wa hisabati wanafanya mazoezi kwa STACK.

STACK ni programu huria aliyoianzisha Chris Sangwin nchini Uingereza, nayo hukaa ndani ya Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Mwanafunzi hachagui A, B au C. Anaandika jibu lake, na programu nyingine iitwayo Maxima inalikokotoa.

Chukua swali jepesi: fungua mabano ya (x+3)². Jibu ni x²+6x+9. Mashine inayolinganisha thamani peke yake ingempa alama zote mjanja aliyenakili swali lilivyo, maana (x+3)² ni sawa kabisa na jibu hilo! Kwa hiyo mtunzi wa swali hupanga vipimo kama matawi. Thamani ni ile ile? Kama ndiyo, mabano yamefunguliwa kweli? Aliyeandika x²+9, kosa linalojulikana na kila mwalimu wa hisabati, anaweza kutengewa tawi lake, akaambiwa papo hapo kwamba 6x imemponyoka. Katika darasa la mamia, maoni ya namna hiyo kwa kila daftari, kila wiki, hayawezekani kwa mkono.

Ile 3 nayo mashine huweza kuibadilisha kwa nasibu: huyu anapata 4, yule 7. Kwenye kundi la WhatsApp watapeana njia, si jibu, na kupeana njia ni kusoma. Ukurasa wenyewe ni maandishi matupu, hauli bando kama video.

Kuandika hesabu kwenye simu ni kazi ya kuudhi, kwani 2x huenda ikabidi iandikwe 2*x. STACK humwonyesha mwanafunzi jinsi ilivyolisoma jibu kabla ya kulipokea, hivyo nyota iliyosahauliwa haimgharimu alama.

Gharama kubwa iko kwa mtunzi. Swali moja zuri linaweza kula saa kadhaa, na tawi lililopangwa vibaya linawaonea wote waliopita hapo. Ila likishakamilika, hutumika mwaka hadi mwaka, na chuo kingine kinaweza kulichukua. Kinachobaki nje ni uthibitisho wa nadharia kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Huo bado unamhitaji mhadhiri, na saa alizookoa kwenye mazoezi ningependa azitumie huko.